Mashine ya salfa inanipiga shoti: ni koili, au ni ule mnyororo uliokatwa?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Tandahimba, napuliza mikorosho ya nyumbani na ya watu kwa kibarua. Msimu uliopita nilinunua mashine ya mgongoni iliyotumika. Nikipuliza dawa ya maji haina shida. Nikiweka salfa ya unga, ile ya ukungu wa mikorosho, inanipiga shoti moja kali, kisha kimya, kisha nyingine, mara kwenye kiganja, mara kwenye kiwiko. Siku nyingine nimeshazima injini, mdogo wangu anakuja na mfuko ili amimine, akigusa tu mashine tunapigwa wote wawili mpaka anaudondosha. Fundi kasema koili inavuja, nikanunua koili mpya pamoja na waya wa plagi, lakini hali ni ile ile. Aliyeniuzia alikuwa ameukata mnyororo mdogo uliokuwa unaning'inia chini, anasema ulikuwa unanasa kwenye visiki. Nimesikia salfa inaweza kulipuka. Nikiwaambia wenzangu wananicheka. Je, hizi shoti ni za kupuuza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Si za kupuuza, na koili yako haina kosa. Kosa liko kwenye mnyororo, na umelitaja wewe mwenyewe mwishoni kama jambo la kupita.

Tuanze na koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, maana imeshakula hela yako. Injini ya tustroki inapiga cheche moja kila mzunguko. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hizo ni cheche 100 kila sekunde. Waya wa plagi ukivuja, utakachosikia ni mtetemo wa mfululizo kama umeshika nyuki, na injini yenyewe itaanza kukohoa kwa sababu moto wake unapotea njiani. Wewe umeeleza pigo moja kali, halafu kimya, halafu baada ya muda pigo jingine. Pia umesema linapiga hata injini ikiwa imezimwa. Koili haitoi umeme injini ikiwa imesimama. Na koili haijui kama tangi la juu lina maji au lina unga. Fundi angekuuliza maswali hayo mawili tu, asingeshika bisibisi.

Kinachokupiga ni umemetuli, ule unaoufahamu ukivua sweta la nailoni usiku ukasikia vicheche. Vitu viwili visivyopitisha umeme vikisuguana, kimoja kinabaki na chaji ya aina moja na kingine ya aina nyingine, na kwa kuwa hakuna njia ya kutokea, chaji inarundikana. Sasa tazama kilichopo mgongoni kwako. Bomba ni la plastiki. Upepo unatoka mdomoni kwa kasi inayokaribia mita 100 kwa sekunde katika mashine nyingi za aina hiyo. Ndani ya upepo huo zinapita punje za salfa zisizohesabika, kila moja ikijikwaruza kwenye ukuta wa bomba. Salfa yenyewe ni miongoni mwa vitu vibaya kabisa katika kupitisha umeme. Mjerumani mmoja wa mji wa Magdeburg, Otto von Guericke, katika karne ya 17 aliyeyusha salfa akatengeneza tufe, akawa analizungusha huku amelishika kwa mkono mkavu, na likatoa chaji ya kuvuta manyoya na kutoa vicheche. Aliandika habari zake mwaka 1672. Wewe unafanya jambo lile lile kila asubuhi, isipokuwa badala ya tufe una unga, na badala ya mkono una injini.

Ukipuliza dawa ya maji hali inabadilika. Maji yenye dawa yanapitisha umeme, bomba linalowa ndani na nje, mikono inalowa, chaji inateleza na kupotea kabla haijafika mahali pa kukuuma. Ndiyo maana huko huna shida.

Lakini kwa nini chaji isishuke ardhini kupitia miguu yako? Kwa sababu umevaa gambuti, na mpira haupitishi. Sikuambii uyavue. Mashamba yetu yana nyoka na visiki, gambuti ni zako. Ila hapo ndipo unapoona kwa nini aliyeitengeneza mashine aliweka mnyororo. Katika mashine nyingi za mgongoni zinazopuliza unga, vifaa vyake vya unga vinakuja na waya wa shaba unaopita ndani ya bomba mpaka karibu na mdomo. Waya huo unaunganishwa na mnyororo mwembamba unaoburuta chini. Waya unaikusanya chaji pale inapozaliwa, mnyororo unaipeleka ardhini. Ukikata mnyororo, waya unabaki umeshika chaji isiyo na pa kwenda. Inapanda kwenye fremu, inakupanda wewe, mnakuwa kitu kimoja mnasubiri mtu wa tatu.

Mtu wa tatu ni mdogo wako na mfuko wake.

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Mwili wa mtu hausikii pigo la umemetuli mpaka lifike kama volti 3,000. Kwa hiyo kila ulichokisikia kilikuwa zaidi ya hapo. Volti ni nyingi lakini nguvu ni ndogo, haikuui. Moyo wako uko salama. Tatizo ni kwamba cheche ya kiasi hicho, isiyoweza kumwua mtu, inatosha kuwasha wingu la vumbi laini la salfa likiwa kavu. Unga wa ngano nao huwaka ukitimka, watu wa viwanda vya kusaga wanalijua hilo, lakini unahitaji cheche kubwa zaidi mara nyingi. Salfa haina subira hiyo. Na cheche yenu inaruka saa ngapi? Hairuki katikati ya shamba wakati unga umeshatawanyika juu ya mti. Inaruka pale mdogo wako anaponyoosha mkono kumimina, kifuniko kikiwa wazi, vumbi likiwa limesimama mdomoni mwa tangi, na eksozi ya moto ikiwa shibiri mbili kutoka hapo.

Wenzako wanacheka kwa sababu wamepuliza miaka kumi hawajaona mlipuko. Wana haki kiasi fulani, na ni vizuri kujua haki yao inaishia wapi. Vumbi la salfa linahitaji kufika kama gramu 35 ndani ya meta moja ya ujazo ya hewa ndipo moto uweze kukimbia ndani yake. Mashine ya kawaida inasukuma hewa karibu meta 20 za ujazo kwa dakika. Ukipuliza kwa kiasi, robo kilo kwa dakika, unapata gramu 12 na ushee kwa kila meta ya ujazo, chini ya mpaka. Ukifungua mlango wa unga mpaka mwisho ili umalize haraka, kilo nzima ikatoka kwa dakika, umefika gramu 50. Umevuka, na sasa bomba zima ni utambi. Nje hewani moto huo unaweza kuwa mwako wa ghafla tu, bila kishindo. Ndani ya tangi, ambako vumbi linavurugwa na upepo na kuta zimefunga, mwako unageuka mlipuko. Tangi linalokaribia kuisha ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu lina vumbi linaloelea badala ya unga uliolala. Kwa hiyo wanaopuliza kwa kiasi, alfajiri yenye umande, na mnyororo ukiwa mahali pake, wanaweza kweli kumaliza maisha yao hawajaona kitu. Wewe umeondolewa kinga moja, na ukipuliza kwa kibarua nadhani unafungua mlango mpaka mwisho. Sikulaumu, kibarua kinalipwa kwa mti.

Kuna chanzo cha pili cha moto kisichohitaji cheche hata kidogo. Salfa inayeyuka ikifika kama nyuzi 115 hivi, na wingu lake linaweza kushika moto lenyewe kwenye joto la karibu nyuzi 190. Eksozi ya tustroki iliyofanya kazi nusu saa inapita hapo bila jasho. Niliwahi kuona, miaka mingi sasa, kwenye uwanda huu huu wa Makonde. Kijana alijaza tangi bila kuzima, mashine ikiwa bado mgongoni, mwenzake akimimina kwa juu. Kiganja kimoja cha unga kikamwagika kikaangukia eksozi. Tulichoona kwanza ni kitu cha manjano kinachochuruzika kama samli. Moto wenyewe hatukuuona, kwa sababu salfa inawaka kwa mwali wa bluu hafifu ambao kwenye jua hauonekani. Tulijua kuna moto kwa kuona shati lake linakunjamana, na kwa ile harufu inayoziba koo. Mkanda mmoja wa mashine ulikuwa umefungwa fundo la kamba kwa sababu kifungio chake kilishavunjika. Lile fundo halikufunguka. Kamba ilikatwa kwa panga. Aliponea, ana kovu begani, na ndiye aliyenifanya niwe mkali kuhusu mikanda kuliko kuhusu kitu kingine chochote. Mashine yako ikiwa na fundo mahali pa kifungio, hilo lishughulikie leo, hata kabla ya mnyororo.

Ukiuliza viwandani wanafanyaje na kitu hiki hiki, utaona tofauti. Salfa nyingi duniani siku hizi hazichimbwi, zinatolewa kwenye mafuta ghafi na gesi wakati wa kuvisafisha. (Watu wananiuliza mbona tuna gesi Mnazi Bay na Songo Songo na salfa bado inakuja kwa meli. Ni kwa sababu gesi yetu karibu yote ni methani, haina salfa ya kuvuna.) Ikitoka huko, kwa safari ndefu wanaigandisha iwe punje kubwa kama mbaazi, makusudi isitoe vumbi. Wanaoisaga iwe unga mara nyingi hujaza hewa isiyo na oksijeni ya kutosha ndani ya kinu, kwa kawaida naitrojeni, ili hata cheche ikitokea kusiwe na kitu cha kuwaka. Kila chuma kimeunganishwa na ardhi. Kisha unga huo laini, ambao kiwandani ulisagwa kwa tahadhari zote hizo, unafungwa kwenye mifuko ya kilo 25 unakuja kwetu. Lazima uwe laini, maana ubwiriunga ni ukungu unaotanda juu ya maua na majani machanga, na salfa inaukomesha kwa kuufikia pale ulipo. Punje kubwa ingeanguka chini. Ulaini unaotibu mkorosho ndio huo huo unaoifanya iwake upesi. Kati yake na moto, shambani, kilichobaki ni umande na mnyororo.

Sasa turekebishe. Usinunue mnyororo wa mapambo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua mnyororo mwembamba wa chuma uliopakwa zinki, mfano wa ule wa kufungia mbwa, mita moja inatosha. Usikubali kamba ya nailoni yenye kipande cha chuma mwishoni. Nimeiona hiyo pia, mtu akiniambia "si inagusa chini?" Inagusa, lakini haipitishi.

Fungua bomba uangalie waya wa ndani. Bila shaka utaukuta mweusi. Salfa na shaba hawakai pamoja kwa amani. Salfa inaila shaba juu juu ikawa ganda jeusi, na chini ya ganda waya unakuwa mwembamba mpaka ukatike bila wewe kujua. Ukikatika, chukua waya wa nyumba wa shaba, uvue ganda lote la plastiki, upitishe ndani ya bomba kuanzia karibu na mdomo mpaka mwanzo wake, na ule mwisho wa chini uutoe nje pale pa awali. Piga msasa mpaka shaba ing'ae. Kila mwanzo wa msimu uutazame tena.

Halafu mahali pa kuunganisha. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanafunga mnyororo kwenye fremu iliyopakwa rangi. Rangi ni plastiki nyingine tu. Chagua skrubu moja ya fremu, kwangua rangi chini yake mpaka uone chuma cheupe, kaza hapo waya pamoja na kulabu ya chuma ya kushikia mnyororo, ukiweka washa (kile kipete bapa cha chuma). Kisha tafuta fundi umeme mwenye mita, pima kutoka mwisho wa waya kule mdomoni mpaka pete ya mwisho ya mnyororo. Inatakiwa isome omu chache, yaani umeme unapita bila kizuizi. Ikipanda mpaka maelfu, kuna kutu au rangi mahali fulani, rudi ukwangue. Kipimo hicho ni cha dakika mbili.

Kuhusu visiki: aliyekuuzia hakuwa mjinga. Mnyororo mrefu unanasa kweli na unaweza kukuangusha. Upime ukiwa umevaa mashine na umesimama wima, shibiri moja tu ilale chini. Ile kulabu ya juu iwe nyepesi, inayofunguka ikivutwa kwa nguvu, halafu ujizoeze kugeuka kuuangalia kila unapomaliza mstari.

Mambo mengine nayataja haraka, mengi unayajua. Robo kilo kwa mti kila baada ya siku 14, kwa mikorosho iliyokomaa, maana yake mfuko mmoja ni miti 100 na tangi utalijaza zaidi ya mara moja. Kwa hiyo utaratibu wa kujaza ndio maisha yako. Zima injini. Tua mashine chini kwenye udongo wenyewe, si juu ya turubai wala mfuko mtupu. Subiri eksozi ipoe, mnywe maji. Mdogo wako aguse chuma cha fremu kwa mkono kabla hajakaribia na mfuko, kama kuna chaji imalizikie hapo kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Kisha fungua, mmimine polepole, msikung'ute ule mfuko wa plastiki wa ndani, kwa sababu nao unazalisha chaji ukikung'utwa. Petroli ijazwe mbali na salfa, na kabla ya salfa. Aliye na sigara aende zake.

Pulizeni kuanzia kama saa 11 alfajiri, saa 3 asubuhi muwe mmemaliza. Mlifundishwa hivyo kwa sababu unga unashika vizuri kwenye maua yenye umande na upepo umetulia, na hiyo ni kweli. Lakini unyevu huo pia unaipa chaji njia ya kutorokea. Ukisikia shoti zinaongezeka jua linapopanda, mashine inakwambia saa imefika.

Jezi. Najua vijana mnapenda kupuliza na jezi za Simba na Yanga. Ni polista. Inasuguana na mkanda na tangi siku nzima, inatoa chaji yake yenyewe, na ikishika moto inayeyuka inagandamana na ngozi. Vaa shati la pamba la mikono mirefu, hata kuukuu. Miwani ya kufunika macho na barakoa ya vumbi sina haja ya kukueleza. Kila aliyepuliza salfa siku moja bila miwani anajua alilala vipi usiku ule.

Chujio la hewa la injini likung'utwe kila siku. Salfa ikipenya kwenye silinda inaungua humo na kutoa gesi ile ile ya kuziba koo, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa tindikali. Mashine nyingi za huku zinakufa kwa kuliwa ndani, mwenyewe akidhani ni uzee.

Na moto ukiwaka, Mungu aepushe: fungua mikanda, iache mashine ianguke, kimbilia upande upepo unakotoka. Usirushe maji kwa ndoo. Pigo la maji linatimua vumbi lililolala, na vumbi lililotimka ndilo linalowaka. Weka mchanga mbichi taratibu kwa kuufunika, au nyunyiza maji laini kama mvua ya rasharasha. Msisimame kwenye moshi wake.

Kwa sasa, mpaka mnyororo urudi, mashine hiyo itumie kwa dawa za maji tu. Muulize bwana shamba wako ipi inafaa kwa hatua ambayo maua yamefikia.

Ile koili ya zamani, kama fundi bado anayo, kamwombe akurudishie. Ni nzima.